Kilo za Mke Wangu

Mwaka ule nilimwonea wivu mwanaume ambaye sikuwa nimewahi kumtia machoni. Nilichokijua kwake ni sauti tu. Ilitoka kwenye simu ya mke wangu kila Jumanne asubuhi, chai ikiwa haijachemka, na baridi ya Julai ikiwa bado imelala juu ya mabua ya mahindi nyuma ya nyumba yetu, huku Annexe, mahali ambapo mji unakwisha bila kuaga.

"Uliamuka muzuri, mama? Magoti inasema nini leo?"

Magoti inasema nini! Mimi ni mtu wa riwaya. Nimepoteza misimu mizima nikitafuta namna ya kuuliza habari za mwili wa mtu bila kuuaibisha, na huyu bwana, kwa Kiswahili chake cha Kivu kilichonyooka kama shati lililotoka kwenye pasi, aliiokota namna hiyo bila hata kuinama. Mke wangu alikuwa akitoka nje na simu, akisimama karibu na kamba ya nguo, akicheka kwa sauti ndogo. Mimi nikibaki ndani, mbele ya meza yangu, kalamu mkononi, masikio uani.

Jambo lenyewe lilianzia kwenye kituo cha afya. Mke wangu ni mshonaji, na katika nyumba yetu ndogo sebule ndiyo karakana yake: cherehani pembeni, mkeka katikati ambapo anatandaza vitambaa na kukata, na meza yangu chini ya dirisha. Miguu ilianza kumuwaka moto, kiu ikawa haiishi. Muuguzi alimpima, akamwambia sukari imepanda na mwili lazima upungue. Maneno hayo tulikuwa tumeyasikia kwa watu wengine, na watu wengine walikuwa wameyasahau kabla ya kufika kwenye lango. Lakini kituo kilikuwa kimeanzisha mpango mpya. Kila mgonjwa aliketi na mshauri, wawili tu, mlango umefungwa, akaulizwa swali moja: kama ungepata pesa yako mwenyewe, isiyo ya chakula, isiyo ya watoto, isiyo ya matanga, ungenunua nini?

Mshauri aliyempata mke wangu ndiye yule mwenye sauti. Jibu la mke wangu likawekewa bei, na bei ikakatwa vipande. Kila alipopanda mizani na kukutwa amepungua kama walivyopatana, kipande kimoja kiliingia kwenye simu yake. Akirudisha unene, kipande kinasubiri. Cha mwisho kilikuwa kikubwa kuliko vyote, na hicho hakikuwa na subira: siku ya kufunga mpango unafika uzito mliopatana au unakikosa.

Kila mtu aliomba lake. Mama mmoja wa familia za Maniema, anayeuza makaa karibu na barabara kubwa, aliomba nauli ya kwenda kusoma dua kwenye kaburi la mama yake. Alilitangaza mwenyewe mbele ya wateja. Fundi mmoja aliomba redio. Mke wangu hakutangaza.

"Na weye uliomba nini?" nilimwuliza jioni ya kwanza.

"Ni mambo ya kituo."

"Miye niko bwana yako."

"Ndiyo. Na kituo ni kituo."

Akaendelea kupuliza moto wa mbabula, jiko letu la makaa. Nilijaribu kubahatisha. Cherehani ya umeme? Akatikisa kichwa. Vitenge? Akacheka. Simu mpya? "Muandikaji," aliniambia, "weye unajuaka roho za bantu ya mu vitabu. Andika basi." Alikuwa ametia kidole penyewe. Mtu asiyenijua, asiyejua hata rangi ya mlango wangu, alikuwa ameingia chumba cha moyo wa mke wangu ambacho mimi sikujua kama kipo, akaketi, akapewa kiti. Kisha akatoka na kufunga kwa ufunguo.

Nilianza kuogopa. Ni kitu gani mke anachokitaka asimwambie mume, kama si kitu kinachomhusu? Nikawaza chumba cha kupanga, chake peke yake, kule Katuba. Nikawaza basi la kurudi kwao Mokambo, mpakani, bila tiketi ya kurudi kwangu. Nikawaza mengine ambayo hayafai karatasi.

Na wakati huo mwili wake ulikuwa ukiondoka. Nilimpenda akiwa mpana. Nilipokuwa kijana asiye na kitu ila madaftari, nilimwona akivuka soko la Kenya, mtaa wa mjini hapa, na watu wakimpisha kama wanavyopisha mvua, nikasema, huyu ndiye kivuli changu. Sasa kila asubuhi alitembea mpaka kile kichuguu kikubwa ng'ambo ya wachoma matofali, akarudi na vumbi jekundu hadi kwenye mashavu ya miguu. Kitenge kilichokuwa kinamzunguka kwa shida sasa kilipata nafasi ya kumzunguka na kupumzika. Alizipunguza blauzi zake mwenyewe, jioni baada ya jioni, na kila mshono alioupitisha ubavuni mwa nguo ulikuwa kama unanishonea nje.

Bukari, ugali wetu, ilikatwa nusu, kisha nusu ya nusu. Mboga ikajaa sahani, lengalenga na majani ya maboga, mafuta yakabaki kwenye chupa. Nilikuwa nikimwona anasukuma tonge pembeni na kuangalia simu, na nilijua tonge lile halikusukumwa kwa ajili yangu.

Jumamosi tulikuwa tunakutana, sisi vijana wa kuandika, kwenye uwanja wa nyumba ya rafiki yetu mmoja kule Kamalondo, kusomeana kurasa na kuchambuana bila huruma. Habari ilikuwa imefika kabla yangu.

"Mwenzetu," alisema mwenye nyumba, "kilo moja ya bibi yako wanainunua bei gani? Ya kwangu ninayo ya kutosha, ninaweza kuuza kwa jumla."

"Na wewe, ukurasa mmoja wanakulipa nini?" mwingine akadakia.

Walicheka hadi kiti kimoja kikavunjika. Nilicheka nao. Lakini nilirudi nyumbani kwa miguu, nikilitafuna lile swali la pili. Yeye alikuwa akilipwa kwa kupunguza. Mimi nilikuwa nikiongeza, neno juu ya neno, na hakuna aliyekuwa ananipigia simu Jumanne kuuliza sura ya nne inasema nini leo.

Majirani nao walikuwa na macho. Kwetu mke akinenepa, sifa ni ya mume, na akikonda kesi ni ya mume vilevile. Muuza nyanya alilisema wazi, mimi nikipita na ndoo ya maji: "Bwana iko anaandika, bibi iko anakwisha!" Mwingine alimshika mke wangu mkono akamwuliza taratibu kama ni ule ugonjwa ambao hautajwi. Neno likapanda kwenye magari ya mizigo, likafika mpakani. Ijumaa ya mwisho ya mpango tukapata ujumbe kutoka Mokambo: Jumapili tunakuya kuona mutoto wetu. Mke wangu alitakiwa kupanda mizani ya mwisho Jumatatu.

Wakaja wawili: mama mkwe wangu, na kaka yake, ambaye mke wangu anamwita yomba, yaani mjomba mwenye sauti ya mwisho katika ukoo wao. Mama mkwe alikuja na kuku wawili, unga mweupe wa ng'ambo ya mpaka, na karanga zilizotwangwa. Alinisalimia akiwa ameangalia ukuta, mimi nikamwitikia nikiwa nimeangalia mlango. Ndiyo heshima yetu. Mwanaume na mama wa mke wake hawatazamani usoni, na juu ya yote hawali pamoja. Mdomo wa mkwe unaotafuna mbele ya mama mkwe ni kama mtu aliyetoka bafuni bila nguo. Chakula cha mkwe kinapelekwa kando, na mama mkwe haulizi kama kimeisha.

Mama mkwe alipika mwenyewe. Mwanawe hakuruhusiwa kugusa mwiko. Sebule ikajaa harufu ya kuku na karanga. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo wima. Asubuhi ile alikuwa amenong'ona mlangoni: "Niko karibu kabisa. Leo maji na mboga tu, basi kesho inatosha." Nilijua basi kilichokuwa kinakuja na sufuria zile. Bukari ya Mokambo haikai tumboni kama wingu. Kesho yake mizani ingeisikia.

Na nilifurahi. Furaha yenyewe haikuwa safi, lakini ilikuwa tamu. Mama yake angemlisha, mizani ingekataa, sauti ya Kivu ingesema pole sana mama, na mambo ya kituo yangefungwa. Chumba cha Katuba kingefungwa. Basi la Mokambo lingeondoka bila yeye.

Yomba aliweka kofia yake juu ya goti.

"Mukwe. Siye tulikupatia muntu muzima. Sasa tunaona nusu. Ile nusu ingine iko wapi?"

"Yomba, iko na afya. Ni kituo cha..."

"Kituo njo kilitoa mali ya ndoa?"

Mke wangu akaingilia. "Yomba, balinipima sukari, ilikuwa mingi. Balisema nipunguke. Na beko banalipa."

Kofia ikaanguka. "Banalipa muntu ju asikule? Mu ii dunia? Miye nilikaa njaa myaka yote bure!"

Hata mama mkwe, kule mlangoni, alicheka ndani ya kitenge chake. Yomba akaokota kofia, akaipangusa, akarudi kwenye kesi. "Na ile franga iko ya nini?"

Nilishika ukingo wa kiti. Mimi ningeweza kuulizwa na kunyimwa jibu, lakini yomba hanyimwi.

"Ya meza, yomba."

"Meza?"

"Meza ya kukatia vitambaa. Kubwa, ya mbao nzito, miye nasimama, nakata."

Yomba akageuka, akaonyesha kwa kidevu chini ya dirisha. "Si iko meza pale?"

"Ile iko ya vitabu," alisema mke wangu. Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayesema huu ni mlango na lile ni dirisha.

"Tangu mutoto," sauti ya mama mkwe ilitoka pembeni, ikiuambia ukuta, "alikuwa anatandika vitambaa ku meza yangu, hata sahani alikuwa anakatala tuweke. Aliniambia mu simu: mama, nitasimama tena."

Basi na mama yake alijua. Sauti ya Kivu ilijua, Mokambo ilijua, labda hata muuza makaa alijua. Nilitazama mkeka. Kulikuwa na alama za chaki, mistari ya bluu na ya waridi, na sehemu mbili zilizochakaa kuliko nyingine, zilizokaa sambamba, mahali ambapo magoti yake yalikuwa yanatua. Magoti inasema nini leo. Kumbe lile halikuwa neno la kubembeleza. Lilikuwa swali, na lilikuwa na jibu, na yeye alilijua.

Ningependa kusema kwamba hofu ilipoondoka wivu uliondoka nao. Hapana, uliongezeka. Chumba cha Katuba ningeweza kukichukia kwa heshima zote. Lakini utaichukiaje meza? Meza ilikuwa kitu ambacho ningeweza kumpa mimi, kwa fundi wa jirani, kwa kulipa kidogo kidogo, na mtu mwingine alikuwa amenitangulia kwa sababu tu aliuliza.

"Meza iko muzuri," yomba alihukumu. "Lakini kwanza kula, tuone kama kinywa kingali kinatumika."

Sahani iliwekwa mbele yake. Bukari ilikuwa imesimama juu yake kama kichuguu, na pembeni paja zima la kuku likielea kwenye mchuzi wa karanga. Kukataa chakula alichopika mama yako, mbele ya yomba wako, baada ya safari yao, ni kusema kwamba wameleta sumu. Mke wangu alilijua hilo kuliko mimi. Hakubishana. Alivuta bakuli la maji, akanawa polepole, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayeaga. Kisha mkono ukasimama juu ya sahani.

Mimi wakati huo nilikuwa ninamwona yule bwana wa simu, kesho yake, Jumatatu. Nilimwona akimpa kipande cha mwisho, na mke wangu akimshukuru kwa mikono miwili. Sikuweza kuvumilia. Kisha nikamwona akimpa pole, akisema mama usilie, tutaanza tena, nitakupigia kila siku. Hilo nililishindwa zaidi. Kama meza ingekuja, basi nami niwe na mguu wangu mmoja ndani yake. Iwe na kitu ambacho sauti ile haikuweza kufanya kutoka kwenye simu.

Nikainuka. Nikachukua sahani mbele ya mke wangu, nikakaa palepale chini, uso kwa uso na mama mkwe wangu, nikakata tonge.

Mama mkwe alipiga ukelele, akajifunika kichwa kwa kitenge, akakimbilia uani na kugonga ndoo. Yomba alibaki kinywa wazi. Mimi nilikula. Nilikula bukari, nikala paja, nikasafisha mchuzi kwa kidole. Nilikuwa nimekula changu nyuma ya nyumba muda si mrefu, na kila tonge lilishuka kama tofali, lakini sikusimama.

Nilipoweka sahani chini tupu, yomba alikuwa amepata ufahamu. Alininyooshea kofia.

"Kumbe! Dada, kuya uone! Njo vile mutoto anakondaka! Ni uyu njo anamukulia chakula!"

"Yomba, hapana..."

"Nyamaza! Tumeona na macho! Hata mbele ya mukwe haoni haya, sasa wakiwa babili tu mu nyumba itakuwa je? Kuku mweupe! Utalipa kuku mweupe wa kusafisha macho ya dada yangu. Asiwe na doa hata moja!"

Nilimtazama mke wangu, ili anitetee. Alikuwa amejipindia juu ya mkeka, amefunika uso kwa viganja, mabega yakitetemeka, na nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Hakikuwa kile kicheko kidogo cha kwenye kamba ya nguo. Kilikuwa kicheko kipana, kile cha soko la Kenya, chenye uzito wake wote wa zamani, na kilikuwa changu. Yule bwana hakuwahi kukisikia, na ninaomba asikisikie.

Jumatatu nilimsindikiza. Nilisema ni kwa ajili ya barabara, malori ya kwenda Kinsevere hayana adabu. Ukweli ni kwamba nilitaka kumwona adui yangu. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia kijana mwembamba mwenye saa nzuri. Akatoka mtu mnene kama kabati, amelowa jasho kwenye baridi, viatu vyake vimelazwa upande kwa uzito. Nilimchukia kwa chuki ileile. Haikupungua hata gramu.

"Karibu, baba," alisema, akinishika mkono. "Ile sura ya ine ilikwisha?"

Nilimgeukia mke wangu. Alikuwa ameshavua viatu, anapanda mizani, uso mbele.

Sindano ya mizani ilicheza, ikaenda, ikarudi, ikatulia. Yule mtu aliinama akasoma, akasoma tena, kisha akapiga makofi kama mtoto. Simu ya mke wangu ikalia ndani ya mkoba. Hakuitoa. Alibaki juu ya mizani amesimama wima, mikono imelegea, kama anayejaribu urefu wake mpya.

Meza ilifika kwa mkokoteni, mbao nyekundu, bado inanuka maranda. Ilibidi kusukuma yangu kwenye kona ili ipite, na ikakaa pale katikati, pana, miguu minne yote ikigusa sakafu kwa pamoja, jambo ambalo yangu haijawahi kulifanya. Mkeka ulikunjwa ukawekwa juu ya kabati. Siku hiyohiyo alitandaza kitenge cha mteja, akashika mkasi, akasimama, akakata kwa mkato mmoja mrefu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nilisogea na karatasi zangu, nikaziweka pembeni kidogo tu, pale ambapo mwanga ulikuwa mzuri.

"Ee-ee, baba," alisema bila kuinua macho. "Hapa hapana. Hata sahani siweki."

Nikaziondoa. Nilirudi kwenye kona, kwenye meza yangu inayoyumba, na nikasikia kwa mara ya kwanza jinsi inavyolia ninapoandika. Kuku mweupe bado sijampata. Nimezunguka masoko matatu, wote wana doa. Yomba anatuma salamu kila wiki, na kila wiki anauliza.

Jumanne iliyofuata nilidhani kutakuwa kimya. Mpango ulikuwa umekwisha. Lakini chai haijachemka, simu ikalia, na sauti ikasema kwamba sasa kuna awamu ya kulinda uzito usirudi, na kwamba swali ni lilelile: mama, safari hii ungependa nini? Mke wangu alifunika simu kwa kiganja, akaanza kwenda uani.

Niliwahi mlangoni. "Ngoja," nilisema. "Miye nakuuliza. Sasa unataka nini?"

Alinitazama, mkasi shingoni ukining'inia kwa utepe, nyuma yake ile meza.

"Ule alitangulia kuuliza," alisema. "Weye uko wa pili. Ngojea zamu yako."

Akatoka. Nilisimama palepale mlangoni, nikamwona akisimama karibu na kamba ya nguo, akisikiliza. Nami nikangoja zamu yangu.